Fila geji, waya wa risasi au geji ya saa: ipi ipime uwazi kati ya meno ya gia?

Fundi wa kwanza anapitisha kibamba cha fila geji (seti ya vibamba vya chuma vyenye unene unaojulikana) cha 0.20 mm kati ya meno mawili yaliyoshikana, na kile cha 0.25 kinakataa. Wa pili anazungusha gia juu ya waya wa risasi, kisha anapima kwa maikromita sehemu mbili zilizobanwa na kupata 0.03 na 0.20 mm. Wa tatu anasimamisha geji ya saa (kipimo chenye mshale na uso kama wa saa) kwenye kitako cha sumaku, anatikisa gurudumu mbele na nyuma, na mshale unasogea 0.245 mm. Wote watatu wamepima jozi moja ya gia na hakuna aliyekosea. Anayetaka kuchagua kati ya njia hizi tatu hana budi kuelewa kwanza kwa nini namba zao hazifanani.

Meno ya gia nyingi za kisasa huchongwa kwa pembe ya mgandamizo, yaani mwinamo wa ubavu wa jino, ya nyuzi 20, kwa hiyo ubavu wa jino haukabili moja kwa moja upande ambao gurudumu linaelekea. Uwazi unaweza kupimwa kwa kufuata mzunguko wa gurudumu kwenye duara la pichi (duara la kufikirika ambapo gia mbili hukutana), au kwa kukatiza wima kutoka ubavu wa jino moja hadi ubavu wa jino linalolikabili. Kipimo cha pili ni kidogo kuliko cha kwanza, na uhusiano wao kwa meno yaliyonyooka ni kosaini ya nyuzi 20, yaani 0.94. Geji ya saa ilisoma kwa kufuata mzunguko: 0.245 mara 0.94 ni 0.23, ambayo ndiyo jumla ya 0.03 na 0.20 za risasi, na ndiyo iliyo kati ya vibamba viwili vya fila geji. Meno yakiwa ya mshazari, kosaini ya pembe ya mshazari nayo huzidishwa. Kwa mshazari wa nyuzi 15, 0.94 inashuka hadi karibu 0.91. Mashine za zamani za Kiingereza, ambazo bado zinafanya kazi katika mashamba ya mkonge na viwanda vya sukari, nyingi zina pembe ya nyuzi 14 na nusu, na hapo kizidisho ni 0.97.

Hili si jambo la darasani tu. Ripoti ya kiufundi ya ISO 10064-2 inapendekeza, kwa gia za viwandani za chuma zinazozunguka kwa kasi isiyozidi mita 15 kwa sekunde kwenye duara la pichi, uwazi mdogo kabisa unaotegemea moduli (kipimo cha ukubwa wa jino: kipenyo cha duara la pichi kwa milimita, kikigawanywa kwa idadi ya meno) na umbali kati ya vitovu vya shafti. Kwa moduli 5 na umbali wa 200 mm, kiwango hicho ni kama 0.21 mm, na kinahesabiwa kwa kukatiza wima ubavuni. Fundi anayesoma 0.215 kwenye geji ya saa bila kuibadilisha ataridhika kwamba amevuka kiwango, ilhali uwazi wake halisi ni 0.20 na gia zake zimebana kuliko inavyotakiwa. Uwazi ukipungua mno, filamu ya mafuta hukosa mahali pa kukaa na gia zikipata joto hukwama zenyewe. Ukizidi, meno hugongana kila mzigo unapobadili upande.

Fila geji: haraka, lakini kwa meno ambayo yanafikika

Njia ya vibamba ndiyo nafuu kuliko zote, na karakana nyingi tayari zina seti moja kwa ajili ya kurekebisha valvu za injini. Gurudumu moja linazuiwa lisizunguke, la pili linasukumwa hadi ubavu mmoja wa meno ukae umegusana barabara, kisha kibamba kinaingizwa kwenye ubavu wa upande wa pili, kwenye usawa wa duara la pichi. Kibamba kinachopita kwa kukwaruza kidogo ndicho jibu, na kwa kuwa kinaingia wima kati ya bavu mbili, namba yake haihitaji kubadilishwa kwa hesabu yoyote: ndiyo ile inayotakiwa na kiwango.

Udhaifu wake uko kwenye umbo la jino. Ubavu wa jino una mbinuko na kibamba ni bapa, hivyo kwenye gia ndogo kibamba hukwama kwenye ncha ya jino kabla ya kufika kwenye usawa unaotakiwa. Meno yaliyolika ni tatizo kubwa zaidi. Jino likichakaa huacha ngazi ndogo karibu na shina na mara nyingine kwenye miisho miwili ya upana wake, pale ambapo pinioni (gia ndogo ya jozi) haikuwa inafika. Kibamba kinachoingizwa kutoka pembeni hukutana kwanza na ngazi hiyo ambayo haijalika, na fundi huandika uwazi wa gia mpya kwa gia iliyochoka. Vibamba vitatu au vinne vikirundikwa pamoja hukamata mafuta kati yao, kwa hiyo hupanguswa kwanza kwa kitambaa kikavu. Kwa meno ya mshazari mkali na gia za koni zilizopinda, njia hii haifai, kwa sababu kibamba kilichonyooka hakina mahali pa kulala.

Waya wa risasi: kipimo kinachobaki mkononi

Waya wa risasi unadharauliwa na vijana waliozoea vifaa vyenye skrini, lakini kwa maoni yangu hakuna njia inayosema mengi kuliko huu kwa bei hiyo. Waya laini unapakwa grisi kidogo ili ushike, unalazwa kufuata umbo la meno matatu au manne mfululizo, na gia zinazungushwa polepole kwa mkono, upande mmoja tu, hadi waya wote upite. Kinachotoka ni utepe wenye mabonde na vilima. Mahali ambapo bavu zilizobeba mzigo ziligusana pamekuwa pembamba mno. Ubavu wa nyuma pameachwa pakiwa panene zaidi. Na pale ncha ya jino ilipokutana na shina la jino jingine kuna donge nene kuliko yote. Jumla ya zile sehemu mbili nyembamba zinazofuatana ni uwazi wa ubavuni. Donge ni uwazi wa shinani, ambao fila geji huupata kwa taabu na geji ya saa haiupati kabisa.

Uwazi wa shinani ndio unaoipa njia hii thamani yake hapa kwetu. Gia nyingi zinazovunjika haziagizwi ng'ambo. Zinachongwa upya Gerezani jijini Dar es Salaam, Kariobangi jijini Nairobi au kwenye karakana ya kiwanda chenyewe, kwa kufuata sampuli iliyolika. Umbo la kawaida la jino la nyuzi 20 huacha uwazi wa shinani wa robo ya moduli: kwa moduli 8, milimita 2. Mchongaji aliyetumia kisu kisichofaa, au aliyechonga kina pungufu, atatoa gia inayozunguka vizuri mkononi na yenye uwazi mzuri ubavuni, huku ncha za meno zikikaribia kusugua shina. Utepe wa risasi hulionyesha hilo kwa mzunguko mmoja.

Kuna pia kosa lililo la kawaida zaidi kuliko watu wanavyokiri, la kuchanganya moduli na pichi ya inchi, yaani idadi ya meno kwa kila inchi ya kipenyo. Gia ya Kiingereza ya pichi 5 ina hatua ya 15.96 mm kutoka jino hadi jino, na ya moduli 5 ina hatua ya 15.71 mm. Kwa macho ni sawa kabisa, na jino moja likijaribiwa peke yake linaingia vizuri. Kosa linaonekana ukipima hatua za meno manne mfululizo, kwa sababu tofauti ya robo milimita inajikusanya.

Nyaya mbili zikiwekwa sambamba, moja karibu na kila mwisho wa upana wa jino, unapata pia jibu la kama shafti ziko sawia. Unene wa 0.22 upande mmoja na 0.31 upande wa pili unamaanisha kwamba kabla ya kugusa umbali wa vitovu ni lazima kurekebisha ulalo wa shafti.

Masharti yapo. Waya ukiwa mnene mno, nguvu ya kuubana husukuma shafti zikaachana kwa kiasi cha mchezo ulio ndani ya beringi, na utasoma uwazi mkubwa kuliko ulio kweli. Kwa ubavuni, waya usiozidi mara tatu ya uwazi unaotarajiwa ni salama; kwa shinani lazima waya uwe mnene kuliko uwazi wa hapo, la sivyo haubanwi. Waya wa kulehemu vifaa vya umeme hutumiwa na wengi badala yake, nao hufanya kazi ukiwa wa risasi na bati, lakini ule wenye utomvu katikati hubanwa kwanza ukiwa mtupu ndani na kupotosha kipimo, na ule usio na risasi ni mgumu kupita kiasi. Gia zisizungushwe kwa mota hata mara moja, wala zisirudishwe nyuma kabla waya haujatoka, kwa sababu kurudisha hubana ubavu uliokuwa umeachwa. Risasi ni sumu. Mikono ioshwe kabla ya kula, na vipande visiachwe ndani ya giaboksi. Baada ya hapo utepe uliopimwa hufungwa ndani ya karatasi pamoja na tarehe na namba ya mashine, na mwaka unaofuata unaweza kulinganishwa na utepe mpya, jambo lisilowezekana kwa kumbukumbu ya mshale uliosogea.

Geji ya saa: sahihi kuliko zote, na rahisi kudanganyika kuliko zote

Geji ya saa husoma sehemu ya mia ya milimita bila shida. Pinioni inazuiwa, ncha ya geji inagusishwa kwenye ubavu wa jino la gurudumu kwenye duara la pichi, na gurudumu linatikiswa taratibu kutoka mwisho mmoja wa mchezo wake hadi mwingine. Mpini wa geji ukielekezwa kufuata mzunguko, utasoma uwazi wa mzunguko. Ukisimamishwa wima juu ya ubavu wa jino, utasoma uwazi wa ubavuni. Ukiwekwa katikati ya hizo mbili, kama inavyotokea pale nafasi inapokuwa finyu, utasoma namba isiyo ya huku wala huko.

Ubora wake mwingine ni kwamba hauhitaji kuona meno. Giaboksi iliyofungwa inaweza kupimwa kwa kufunga mkono wa chuma kwenye shafti inayotokeza nje na kusoma mwendo wa mkono huo. Ikiwa duara la pichi lina nusu kipenyo cha 60 mm na geji imegusa mkono kwenye umbali wa 180 mm kutoka kitovu, mwendo wa 0.45 mm mkononi ni 0.15 mm menoni. Kadiri mkono unavyokuwa mrefu ndivyo usomaji unavyokuwa mkubwa na kosa la macho linavyopungua.

Lakini geji haijui mwendo unatoka wapi. Kii ya shafti iliyolegea, kapulingi yenye mpira uliochoka na beringi zenye mchezo vyote vinajumlishwa na kuitwa uwazi wa meno. Kwenye gia za mshazari kuna mtego mmoja zaidi: shafti ikiweza kwenda mbele na nyuma kwa 0.10 mm, kwa mshazari wa nyuzi 15 hiyo peke yake huongeza karibu 0.03 mm kwenye usomaji wa mzunguko. Mchezo wa shafti hupimwa kwanza, kwa geji hiyo hiyo, na shafti ikazuiwa upande mmoja kabla ya kupima meno. Mafundi wanaoruka hatua hii ndio wanaobadilisha gia nzima wakati beringi ndiyo iliyokufa.

Kazi gani, kifaa gani

Kwenye difu ya gari hakuna mjadala: ni geji ya saa. Vitabu vya ukarabati vya pikapu nyingi hutaja uwazi wa kraun (gurudumu kubwa la difu) na pinioni wa kati ya 0.13 na 0.18 mm, na upana wote wa kiwango hicho ni 0.05 mm, mdogo kuliko tofauti ya fundi mmoja na mwingine katika kuhisi kibamba. Ncha ya geji inakaa wima kwenye ubavu wa jino la kraun, karibu na mwisho wake wa nje, na kipimo kinarudiwa kwenye sehemu tatu au nne za mzunguko. Namba zikipishana kwa zaidi ya kiasi kidogo, kraun inayumba au uchafu umekaa nyuma yake wakati wa kufunga. Marekebisho hufanywa kwa kuhamisha shimu (vipande vyembamba vya kujazia nafasi) kutoka upande mmoja hadi mwingine bila kubadilisha jumla ya unene wake, ili mkazo wa beringi ubaki ulivyo. Rangi ya kukagulia mguso wa meno itumike vilevile, ila si badala ya geji: rangi inaonyesha meno yanagusana wapi, na kraun inaweza kuwa na uwazi sahihi huku ikigusa kwenye ncha tu. Wale wanaotikisa kraun kwa mkono na kusema "iko sawa" wanaweza kutambua difu iliyokufa. Hawawezi kutofautisha 0.15 na 0.25.

Kwa giaboksi za kati za viwandani, za moduli 4 hadi 12, ambazo kifuniko chake hufunguka na meno yanaonekana, ningeanza na risasi kila mara gia au beringi zinapobadilishwa, kwa sababu siku hiyo maswali ni matatu kwa pamoja: ubavu, shina na ulalo wa shafti. Ukaguzi wa kawaida wa miezi inayofuata hauhitaji kurudia kazi hiyo. Geji ya saa kwenye shafti ya nje, ikiwekwa mahali palepale penye alama, inatosha kuonyesha kama mchezo unaongezeka.

Gia kubwa ya duara inayozungusha kinu cha saruji inapindua mpangilio huo, na hapa ndipo fila geji iliyodharauliwa hapo juu inaposhinda. Uwazi wake ni wa milimita, si wa sehemu za milimita. Waya wa risasi wa unene huo huwa mgumu kubana sawasawa, na geji ya saa haina maana kwa sababu hakuna mtu anayetikisa gurudumu la tani nyingi kwa mkono ili mshale usogee. Vibamba virefu vilivyorundikwa huingia kwa urahisi kati ya meno yenye upana wa nusu mita, na kipimo huchukuliwa kwenye miisho yote miwili ya upana na kwenye sehemu nane za mzunguko, kila moja ikiwa na namba iliyopakwa rangi kwenye jino lake, ili kumbukumbu ya mwaka huu isomwe sambamba na ya mwaka jana. Tahadhari ya ngazi ya uchakavu ndiyo inayotakiwa zaidi hapa: kibamba kiwe na upana mdogo kuliko eneo lililolika na kiingizwe ndani ya eneo hilo.

Meno ya roli za kinu cha miwa ni jambo la pekee. Roli la juu huelea chini ya mgandamizo wa haidroli na kupanda kadiri miwa inavyoingia, na pinioni zilizo mwishoni mwa roli zimepewa meno marefu ili ziendelee kushikana wakati wa kupanda huko. Uwazi kati ya meno hayo hubadilika kila sekunde ya kazi. Kupima hadi sehemu ya mia ya milimita wakati wa matengenezo ya msimu wa masika, kinu kikiwa kimesimama, ni kupoteza muda wa watu wawili. Fila geji au hata kalipa inatosha, mradi karatasi ya kumbukumbu iseme roli la juu lilikuwa kwenye urefu gani wakati wa kupima. Bila hilo namba haina maana yoyote.

Joto nalo lina sauti katika uchaguzi, hasa kwa gia kubwa. Chuma hurefuka kwa karibu sehemu 12 kwa milioni za urefu wake kwa kila nyuzi moja ya Selisiasi. Gia ya kinu yenye kipenyo cha mita 5, ikiwa na joto la nyuzi 40 zaidi ya pinioni na msingi wake, nusu kipenyo chake hukua kwa 1.2 mm. Uwazi wa shinani hupungua kwa kiasi hicho hicho, na uwazi wa mzunguko kwa meno ya nyuzi 20 hupungua kwa karibu 0.87 mm. Kwa moduli 24, uwazi wa shinani wa milimita 6 uliopimwa asubuhi kinu kikiwa baridi unakuwa 4.8 mm saa chache baada ya kuwasha. Kwa hiyo kwenye gia za aina hii vipimo viwili huchukuliwa: kimoja baridi wakati wa kufunga, na kingine mara tu kinu kinaposimamishwa kikiwa bado na joto na kikiwa kimefungiwa umeme, na kifaa cha kipimo hicho cha pili ni kile kinachoweza kumaliza sehemu zote nane kabla chuma hakijapoa, yaani vibamba mkononi mwa watu wawili, mmoja akipima na mwingine akiandika.